Mtu wa Chini ya Buti

Nakumbuka Ijumaa moja ya Kwaresima, mwanangu, ambayo kama ningempata mtu wa kuinunua ningemwachia bila hata kupatana bei. Sijampata. Nimejaribu kuisahau, nimejaribu kuisimulia kama mzaha kwenye matanga ya watu wengine, lakini inarudi kwangu kama noti iliyochanika pembe, ile ambayo kila muuzaji anaigeuza, anaitazama kwenye mwanga, kisha anakurudishia.

Juzi umeirudisha wewe. Uliingia dukani kwangu hapa Hai Cinema, vidole vimejaa rangi, ukaomba nyekundu. Nikakuuliza nyekundu ya nini, maana mtu wa mabango ya saluni hanunui nyekundu ya kiasi kile. Ukasema, tena kwa furaha, "Mama Keji, nimepata ukuta! Ukumbi mzima! Wanataka historia yetu." Nikahesabu makopo uliyoagiza. Nikahesabu tena, maana mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata watoto wangu. Nyeupe kidogo, kijani kidogo, kahawia kidogo, na nyekundu ya kuogea. Nikajua ni historia ya namna gani.

Nilikuambia nyekundu imekwisha, urudi Jumatatu. Haijakwisha. Iko chini ya meza, nimeifunika gunia, na ninapoandika haya nimeweka miguu juu yake. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Miaka ile tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi kutoka Uganda, mimi na kaka yangu Pitia. Juba ilikuwa inajengwa kwa haraka ya mtu aliyechelewa arusi. Kila siku geti jipya, kila siku jengo jipya, na kila mkubwa alitaka jina lake liandikwe kwa herufi zenye kivuli. Pitia alijifunza uchoraji kule Arua, kwa fundi wa mabango. Alikuwa na mkono, mwanangu. Alichora kuku wa kukaanga ukasikia njaa, alichora mtu ananyolewa ukajishika kichwa. Makanisani alichora watakatifu. Mimi sikujua kuchora hata yai. Kazi yangu ilikuwa mdomo: kutafuta wateja, kubishana nao, kununua rangi, na kusimama chini ya jukwaa nikihakikisha kopo halitembei na mtu.

Ndipo akaja Mheshimiwa. Jina lake sitaliandika. Kwanza hakuna haja, pili wamekuwa wengi na hadithi ni moja. Alijenga ukumbi upande wa Nyakuron, mkubwa, wa arusi na mikutano, na ndani kulikuwa na ukuta mrefu mweupe usio na dirisha. Akataka pale achorwe siku ya ushindi wake. Alikuwa kamanda wakati wa vita, na alisema alishinda pigano kubwa katika kijiji kimoja ng'ambo ya mto.

Kijiji chenyewe kilikuwa chetu. Sisi wa kule tunajua hapakuwa na pigano. Palikuwa na watu wakivuna karanga, na baada ya asubuhi ile karanga zilibaki ardhini mpaka zikaota upya. Nani aliwapiga risasi, kila upande ulionyesha upande mwingine kwa kidole, na vidole vilikuwa virefu vyote. Lakini ukuta ulikuwa mrefu, na sisi tulikuwa na vinywa vya kulisha nyumbani. Tukachukua kazi.

Sasa sikiliza jinsi picha za wakubwa zinavyozaliwa, maana hili hutafundishwa na mtu. Mheshimiwa hakuwa na muda wa kusimama achorwe. Alituma picha ndogo ya kitambulisho, ya kichwa tu. Mwili tutautoa wapi? Pitia alikuwa na kalenda ya zamani aliyotoka nayo Uganda, kurasa zimegeuka njano, yenye picha ya mfalme fulani wa Ulaya juu ya farasi, kifua mbele, mkono umenyoosha upanga, chini kuna moshi na watu wadogo wadogo wameanguka. Ule ndio mwili tuliouazima. Upanga ukawa bunduki. Joho likawa gwanda. Farasi tukamwondoa, kwa sababu nani Juba angeamini kamanda wetu alipanda farasi? Na kichwa Pitia alikiacha mwisho kabisa, juu ya rangi iliyokwisha kukauka siku nyingi. Alinieleza sababu akicheka: "Kichwa cha mkubwa kinawekwa juujuu, Keji. Kesho atataka mashavu mengine, au atakuja mkubwa mwingine. Kinabanduliwa bila kuharibu kazi."

Mheshimiwa alikuwa na msaidizi tuliyemwita Kapteni, kijana wa miwani nyeusi, aliyekuja kila mchana kukagua. Kila akija alitaka bosi wake aongezwe. Mabega yakapanuka, kimo kikapanda, mpaka Mheshimiwa akawa mrefu kuliko nyumba zilizochorwa nyuma yake, na zile nyumba zikaonekana kama mabanda ya kuku. Jasho hakupewa. Tope hakupewa. Watu wote pale wana vumbi, yeye buti linang'aa. Angalia picha yoyote ya mtu wa vita aliyelipia picha yake, utaona hivyo hivyo: anaua watu mchana kutwa na kola haikunjiki.

Siku moja Kapteni akasimama, akavua miwani, jambo ambalo hakulifanya hata ndani ya giza.

"Huu mguu," akasema. "Unaning'inia."

Alikuwa sahihi. Farasi alipoondoka, mguu wa mfalme ulibaki pale pale ulipokuwa kwenye kikanyagio, umeinuka, umekunja goti, chini hakuna kitu.

"Ni mkao wa kishujaa," Pitia akasema kutoka juu ya jukwaa.

"Ni mkao wa mtu anapanda boda. Weka kitu chini."

Nikaingia mimi. "Tutaweka jiwe, Kapteni. Jiwe zuri, la kule mlimani Jebel kabisa."

"Jiwe la nini? Mheshimiwa alipigana na mawe? Weka mtu."

"Mtu ana kazi nyingi. Mtu ana pua, ana masikio, ana vidole. Jiwe ni kijivu tu, kesho limekauka."

"Mama, mimi iko na haraka. Kesho mkubwa anakuja kuangalia. Weka mtu."

Nilipigania lile jiwe kuliko nilivyowahi kupigania kitu. Nikasema jiwe lina heshima, nikasema mtu atachafua buti. Usinisifu. Nilitaka tumalize mapema, basi. Kapteni akavaa miwani yake, na mazungumzo yakaisha.

Maiti wengine wote pale ukutani Pitia alikuwa amewalaza kifudifudi, kwa maana mgongo hauna pua na unachoreka haraka. Lakini huyu wa chini ya buti hakuweza kulala kifudifudi. Buti lilikuwa linashuka pale pale kati ya shingo na shavu. Ilibidi uso uonekane. Jioni ile ile, kwa taa ya jenereta, Pitia akamchora kwa mkupuo mmoja, uso, shingo na buti upya, vyote pamoja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Mimi nilikuwa mlangoni nahesabu brashi. Sikuangalia uso.

Ukumbi ulifunguliwa Ijumaa. Viti vya plastiki, soda, spika zilizokuwa zinalia zenyewe. Nikaenda kumleta shangazi yetu, Shangazi Poni, kutoka Rejaf, aje aone kazi ya mtoto wa kaka yake. Ilikuwa Kwaresima, na Ijumaa za Kwaresima yeye hakukosa Njia ya Msalaba hata akiwa na homa. Nilimbembeleza. Nikamwambia Mungu atamsamehe siku moja, Pitia hatachora ukuta kama huu mara mbili. Akafunga lawa, ile shuka yake ya kutokea, begani, akaja na kina mama wenzake wa kanisani watano au sita, ambao nao hawakutaka kuikosa soda.

Shangazi alikuwa na mtoto mmoja tu, Lado. Sisi tulipokimbilia Uganda, Lado alibaki kijijini avune kwanza, atufuate. Alikuwa mmoja wa wale wa karanga. Shangazi hakuuona mwili. Aliporudi miaka mingi baadaye alikuta shamba limekuwa pori na nyumba imekuwa majivu, na sanduku lake lilikuwa limeteketea humo, pamoja na picha moja ya Lado iliyokuwa ndani yake, ya siku ya kipaimara. Hakuwa na nyingine. Alikuwa amefikia kuogopa kwamba anaanza kuusahau uso wake. Aliwahi kuniambia, "Pua naikumbuka. Macho naanza kuyakosa."

Basi akaingia ukumbini. Shangazi hakuwahi kusoma kitabu, lakini picha alijua kuzisoma, kwa sababu kila mwaka alizisoma zile za kanisani, kituo kwa kituo, kutoka hukumu mpaka kaburi. Akauanza ukuta wetu vivyo hivyo. Kutoka kushoto, mikono ameifumbata, anasimama, anatazama, anasogea.

"Huyu mrefu ni nani?"

"Ni Mheshimiwa, Shangazi."

"Ndiye aliyeuawa?"

"Hapana! Ndiye aliyeshinda."

"Ah. Na waliolala?"

"Adui."

"Wanaitwaje?"

"Shangazi, ni picha tu."

Akasogea. Akafika chini ya lile goti lililokunjwa, akasimama. Nikaona mkono wake unapanda mdomoni. Halafu akapiga magoti, taratibu, kama anavyopiga kila Ijumaa, uso wake ukawa sawasawa na ule wa ukutani. Ndipo na mimi, kwa mara ya kwanza, nikautazama. Ile pua. Ule mwanya wa meno. Hata kovu la jichoni, la siku tulipoanguka pamoja kutoka kwenye baiskeli.

Kapteni akaja mbio. "Mama, umeangusha kitu?"

"Ndiyo, baba," shangazi akasema.

"Kitu gani? Tukusaidie kutafuta."

"Nimeshakiona."

Hakuinuka. Na wale kina mama wenzake, walipomwona Poni amepiga magoti mbele ya picha siku ya Ijumaa ya Kwaresima, na wao wakapiga magoti. Miguu ilikwenda kwa mazoea. Mmoja akaanzisha wimbo wa kituo, wengine wakaupokea, taratibu, kwa ile sauti ya kuburuza. Wageni wakageuka. Unajua Mheshimiwa alifanya nini kule kwenye meza kuu? Alidhani wanamwimbia yeye. Aliinua mkono, akatabasamu, akawapungia.

Nimecheka mambo mengi maishani, mwanangu, hata yasiyochekesha. Hilo sijawahi kulicheka.

Jioni tulirudi nyumbani. Shangazi alikataa chai. Aliketi kwenye kibao, Pitia amesimama mbele yake, mtu mzima mwenye ndevu, ameinamisha kichwa.

"Mkono ulikwenda wenyewe, Shangazi," Pitia akasema. "Nilihitaji uso, ukaja ule ninaoujua. Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Wanaokusudia ni wale wanaoua. Hebu niambie. Kanisani kwetu, Pilato amekaa wapi?"

"Pembeni."

"Pembeni. Mdogo, ananawa mikono. Katikati ni nani?"

"Anayeuawa."

"Na mama yake yumo?"

"Yumo. Kituo cha nne."

"Basi mchoraji yule, ambaye hata hatumjui jina, alijua kazi. Wewe umemweka Pilato katikati, ukampa bunduki na buti jipya. Mwanangu umemweka chini. Mimi je, umeniweka wapi? Nimeutafuta ukuta mzima, sijioni."

Pitia akaanza kulia. Akasema, "Kesho alfajiri nitakwenda niufute."

Hapo ndipo shangazi alipopandisha sauti, mara ya kwanza na ya mwisho niliyomsikia. "Ufute? Una wazimu? Nina nyingine?"

Fahamu jambo hilo, mwanangu, maana ndilo linalonichoma. Ukuta ule ulikuwa uongo mtupu kutoka sakafuni hadi darini. Na ndani ya uongo huo ndimo ilimokuwa picha pekee duniani ya Lado. Shangazi yangu alichukia kila kitu pale na hakuweza kuacha kwenda.

Akawa anakwenda kila Ijumaa. Mimi ndiye niliyempatia njia. Niliongea na askari wa lango, nikamwambia bibi analeta karanga za kukaanga kwa wafanyakazi, na kweli alileta. Askari alikuwa mcheshi, akimwita habooba, yaani bibi.

"Habooba, leo tena?"

"Nimekuja kumwona mwanangu."

"Kumbe Mheshimiwa ni mwanao!"

"Mungu apishe mbali. Kula karanga, unyamaze."

Aliketi chini, miguu ameinyoosha, akimtazama Lado mpaka wafagiaji wafike kwake na mafagio. Kuna siku nilimkuta akimsimulia habari za bamia.

Mwaka haukumalizika vizuri kwa Mheshimiwa. Aligombana na mkubwa kuliko yeye, akaondoka mjini kwa gari lisilo na bendera, na ukumbi ukachukuliwa na mwingine. Huyo mwingine akamwita Pitia. Mwili ulimpendeza. Alitaka kichwa tu. Pitia alikibandua kile cha kwanza kwa kisu bapa kabla ya chai kuiva, akaweka kingine. Mkubwa wa pili alikuwa na shingo nyembamba kuliko kola, akaonekana kama mwiko ndani ya sufuria, lakini alilipenda buti. Hakuna aliyemwuliza yule wa chini kama amebadilisha adui. Mtu yule yule, shingo ile ile, sasa ameshindwa na mtu wa pili katika pigano ambalo halikuwapo.

Shangazi alikuja Ijumaa iliyofuata, akatazama juu kidogo, akasema, "Wamebadilisha Pilato." Akaketi.

Kisha akaja wa tatu. Huyu hakutaka historia. Alitaka vigae, vyeupe, vya Kichina, kwa sababu vinapanguswa. Nilisikia habari nikiwa sokoni, nikaacha nusu ya vitu vyangu pale pale, nikapanda boda mpaka Nyakuron. Nilimkuta fundi mmoja kutoka Gulu ameshashika nyundo na tindo, anatoa plasta yote ili vigae vishike. Nikamwambia nataka kipande.

"Mama, ukuta sio mkate," akasema. "Haukatwi kipande."

"Wewe ni fundi au ni mbomoaji? Mbomoaji nitamtafuta hapo nje, wako wengi."

"Unataka kipande gani?"

Nikamwonyesha. Alitazama, kisha akanitazama mimi, na nadhani alielewa zaidi ya nilivyotaka aelewe. Watu wa Gulu, kule Uganda, nao walikuwa na vita yao, nao wana mashamba yaliyoachwa bila kuvunwa. Hatukubishana tena. Alituma mtu amwite Pitia, nami nikamfuata shangazi Rejaf.

Tuliporudi walikuwa wameshaanza upande wa juu. Walipogonga pale penye kichwa, kilianguka chenyewe, kama ganda la kitunguu, hata hakikuhitaji tindo. Mwili wa mfalme ukafuata vipande vipande. Fundi akaja chini, akapiga magoti, akamzunguka Lado polepole, anagonga kidogo, anapuliza vumbi, anagonga kidogo. Shangazi amesimama nyuma yake, mikono ameifumbata. Paji la uso likapasuka ufa. Sikio la kushoto likabaki ukutani. Lakini uso ulitoka, kutoka nyusi hadi shingoni, kipande cha ukubwa wa sinia, kizito, kikiwa mikononi mwa Pitia.

Na buti lilitoka nacho.

Tulikifunga kwa lawa ya shangazi, tukakipeleka Rejaf. Huko shangazi akakiweka mezani, akakipangusa, akasema, "Sasa mtoe hilo buti."

Pitia alijaribu. Alijaribu kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, alijaribu kwa mafuta ya taa, alijaribu kwa wembe, akishika pumzi kama daktari. Kila alipogusa ngozi ya buti, shavu lilikuja pamoja nayo. Alikuwa amevichora siku moja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi, vikakaukia pamoja vikawa kitu kimoja. Kichwa cha mkubwa aliyelipa kilikuwa kimekaa juujuu, cha kubandua. Buti juu ya Lado ndilo lililoshika. Wembe ulipofika karibu na mdomo, shangazi akauweka mkono wake juu ya mkono wa Pitia.

"Acha. Khalas. Ukiendelea hutaniachia hata huo mdomo."

"Shangazi, nipe siku mbili, nitachora juu yake. Nitalifunika buti, nitaweka shati."

"Hapana. Umeshachora ya kutosha." Akauchukua wembe, akauweka mbali. "Alikufa nalo, atazikwa nalo."

Nilishtuka. Nikamwambia, Shangazi, utaizika? Hiyo ndiyo picha yako pekee! Akanijibu kwamba amekuwa akimwangalia Ijumaa zote hizi na macho ameshayapata tena, hayatapotea. Lakini mwanawe hajawahi kuwa na kaburi, na hawezi kumwacha mezani na mguu wa mtu juu yake kila akiamka. Basi tukachimba kando ya shamba lake la karanga. Katekista akaja, akasali sala zote kama za mtu, hakuruka hata moja. Tukamshusha Lado katika lawa ya mama yake, uso juu. Pitia ndiye aliyetupia udongo wa kwanza, na udongo wa kwanza, nilimwona, alihakikisha unaangukia buti.

Pitia hakuchora mtu tena. Alirudi Arua, anachora kuku. Shangazi naye amelala pale pale pembeni ya mwanawe. Ule ukumbi bado upo, vigae vinang'aa, wiki iliyopita kulikuwa na arusi.

Sasa nikuambie ninalotaka kukuambia, mwanangu, na usiseme Mama Keji alizunguka.

Sikuambii ukatae ukuta. Najua kodi ya nyumba Juba, na najua mwenye ukuta akikataliwa na wewe atampata jirani yako kabla hujafika kona. Nakuambia ujue unachokifanya. Mkubwa atakuja na Kapteni wake, kwa maana wote wana Kapteni, naye atataka akuzwe. Mkuze. Mpe mabega, mpe kimo, yote hayo ni juujuu na yatabanduka. Usipoteze usingizi kwa ajili ya kichwa chake. Lakini akikuambia uweke mtu chini, simama hapo. Uliza mtu huyo anaitwa nani. Uliza alikuwa anafanya nini asubuhi ile, na mama yake anakaa wapi. Wakikuambia hana jina, basi weka jiwe. Pigania jiwe. Mimi nililipigania kwa uvivu na nikashindwa. Wewe lipiganie kwa akili zako zote. Na kama kweli lazima aliyeuawa awepo, mweke pale penye macho ya watu, mpe uso wake, na umchore mama yake pembeni amesimama. Watoto watakaoingia ukumbini watauamini ukuta kabla hawajatuamini sisi, kwa sababu ukuta hausiti na haung'oki meno.

Nyekundu yako ipo chini ya meza. Jumatatu uje uichukue, sitakupandishia. Ila kabla sijaondoa gunia utanitajia majina ya wale unaokwenda kuwalaza. Utayataja mara mbili, maana unanijua.

Mungu auimarishe mkono wako, usitetemeke mbele ya miwani nyeusi. Akupe macho ya Shangazi Poni, yanayomtafuta mtu aliyekosekana. Akulinde usichore kamwe uso wa mtoto wako kwa kuagizwa, na siku kuta zetu zote zitakapovunjwa, ulichokichora wewe kitoke kizima, kiwe kitu ambacho mama anaweza kukitundika nyumbani kwake.